Kitabu Chini ya Gunia la Mchele

Baba alikuwa na kitabu kimoja kisichokaa kabatini pamoja na vingine. Alikijalidi kwa karatasi ya kalenda kuukuu, akakitia kwenye mfuko wa plastiki na kukilaza chini ya gunia la mchele. Siku moja nilikichomoa. Hakunipiga. Alikitwaa, akatazama mlangoni, akasema: "Hiki hakimo humu nyumbani."

Ilikuwa Mombasa, miaka ya 1980, watu wakitiwa ndani kwa kukutwa na karatasi tu. Sisi watoto hatukuhitaji kufunzwa. Tulijua kuna maneno ya ukumbini na kuna maneno ya barazani.

Baba alipofariki nilikwenda kuifungua ile kalenda. Nilitarajia baruti. Nikakuta Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla.

Mwaka 1968 Abdilatif, kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, aliandika waraka alioupa jina Kenya: Twendapi? Swali, basi. Serikali ya Jomo Kenyatta ililijibu kwa kifungo cha miaka 3. Huko gerezani akatunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata Oxford University Press ikayachapa. Mwaka 1974 yakapata tuzo ya fasihi, na tuzo yenyewe iliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. (Historia nayo ina utani wake.)

Kwa hiyo baba alikuwa akificha kitabu kilichotuzwa hadharani. Hakuna askari aliyemwambia akifiche. Alijua tu kwamba mwandishi aliwahi kufungwa, mengine akayamalizia mwenyewe.

Huo ulikuwa udhibiti wa kimya. Ule wa makelele nao una vituko vyake. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia jinsi riwaya yake Matigari ilipotoka mwaka 1986: wakuu walisikia wanakijiji wakimtaja mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchi akiuliza habari za haki, wakaamuru akamatwe. Walipogundua kuwa ni mhusika wa kitabuni, wakaenda kukusanya vitabu madukani. Huo unachekesha, na mwisho wake una tarehe. Ule wa baba hauna. Sheria ya uchochezi ilifutwa Kenya mwaka 1997, lakini gunia la mchele halikusogezwa mpaka alipokufa.

Nilidhani ugonjwa huo wa kujidhibiti umekwenda naye kaburini. Kisha mpwa wangu, binti wa kidato cha tatu, akaja kwangu likizo na simu iliyobeba vitabu vingi kuliko vyote alivyovishika baba maishani mwake. Hakuna anayetazama mlangoni. Nikampa ile diwani, nikamfungulia shairi liitwalo "Mamba", nikamwambia asome kisha aniambie huyo mamba ni nani.

Alisoma beti mbili tatu, kidole kikaenda kwenye simu.

"Unatafuta nini?"

"Mwongozo, Mjomba. Unaorodhesha dhamira zote."

Simlaumu. Miongozo ni biashara kubwa huku kwetu, na mtihani husahihishwa kwa orodha ya majibu yanayokubalika. Nami niliwahi kufundisha Kiswahili miaka miwili, na nakiri nilikata kwa wino mwekundu majibu mengi yaliyokuwa na akili kuliko ya orodha yangu. Mtoto akikatwa hivyo mara tatu, ya nne hafikiri tena, anakusoma uso. Kitabu kiko wazi mbele yake na bado hakimo.

Ndiyo maana nikisikia kwamba intaneti imetukomboa, nakubali nusu. Waliofungwa kwa sababu ya kurasa chache wangelia wangeona simu ya mpwa wangu. Lakini wale walisoma kurasa hizo kwa njaa, wakabishana usiku kucha kwa sauti ya chini, kila mmoja na mamba wake.

Nikaiweka simu juu ya kabati. Binti akanuna, akarudi kwenye shairi. Kahawa yangu ilipoa. Hatimaye akainua uso, akashusha sauti kana kwamba kuna mtu dirishani:

"Mjomba, mimi nadhani namjua. Lakini nikikosea je?"

"Sema."

Akatazama mlangoni kwanza.