Je, Amani ya Harufu ni Amani?

Kila mfugaji wa nguruwe ajua jambo hili: wasiojuana wakitiwa katika zizi moja, hupigana. Hugombea ukubwa, na siku mbili za kwanza ndizo kali. Masikio hupasuka na mabega huchanika, hata mmoja ashinde na mwenziwe akubali kuwa mdogo.

Wataalamu wametafuta njia ya kuwatuliza, nayo imeonekana katika pua. Maana wanyama hutoa mwilini harufu zinazowaarifu wenzao pasipo sauti, ziitwazo feromoni. Mwaka wa 1988 John McGlone na mwenziwe, wa chuo kikuu cha Texas Tech huko Marekani, walionyesha ya kuwa androstenoni, iliyomo katika mate ya nguruwe dume, hupunguza mapigano ya nguruwe wasiokomaa. Baadaye ikatengenezwa harufu nyingine, mfano wa ile itokayo katika ngozi ya matiti ya mama anyonyeshaye. Si kila jaribio lililoleta matokeo yale yale. Walakini katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2002, wana walioachishwa ziwa waliponusa harufu hiyo walikula zaidi, wakaongeza uzito.

Sasa swali ni hili: je, ni haki kumtuliza mtoto kwa harufu ya mama ambaye sisi wenyewe tumemwondoa?

Mtu atajibu, «Aliyeepushwa na meno ya mwenziwe haulizi amani imetoka wapi.» Neno hili lina nguvu. Jeraha ni jeraha, na kukataa msaada kwa kuwa si kamili ni kuwaacha wanyama waumie ili sisi tujione wema.

Lakini ugomvi wao una sababu. Mama akiachwa huru, wana huacha ziwa polepole kwa muda wa miezi. Katika mabanda makubwa hutengwa naye baada ya majuma matatu au manne, wakachanganywa na wageni mahali pembamba. Vita vyao ni habari kwa mwenye zizi. Harufu haiongezi nafasi, wala haileti majani makavu ya kufukua. Mfugaji akiitumia apate kuwabana zaidi, hakuwapa amani, amewanyamazisha tu.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2008 yaagiza nguruwe wapewe vitu vya kufukua, na wanaochanganywa wapate mahali pa kukimbilia na kujificha. Dawa za kuwatuliza zitumiwe kwa nadra tu, baada ya kumwuliza daktari wa wanyama. Harufu si dawa ya namna hiyo, lakini utaratibu wafaa: kwanza zizi, kisha kitulizo.

Basi kipimo ni hiki: harufu ikiisha, kimebaki nini? Aliyetengeneza zizi, kisha akaleta harufu kwa ajili ya zile siku mbili ngumu, ametunza. Asiyelitengeneza amepaka chokaa juu ya ufa. Nasi tulio na watoto nyumbani tujiulize vivyo hivyo: tunapokinyamazisha kilio, je, tumekwisha kuuliza kimetoka wapi?