Sauti ya Mtu ni Amana



Ndugu zangu katika imani, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku kwa kidole kimoja tu: kuchukua sauti ya mtu na kuipeleka mbele.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Giteranyi. Jioni moja nilimkuta mdogo wangu akisikiliza muziki wa gemu za zamani, zile za kabla hata sisi hatujazaliwa. Nilitaka kumkemea, lakini nikakaa nikamsikiliza anavyonieleza. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilikuwa na njia tano tu za sauti. Kwa njia hizo chache, Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985. Waliocheza gemu hizo utotoni leo ni watu wazima, nao wanaupiga upya muziki ule kwa gita, kwa piano, hata kwa kompyuta wakiwa chumbani. Hiyo ndiyo rimiksi. Kuna kundi liitwalo OverClocked ReMix, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, linalozitoa bure.

Kilichonishangaza si muziki. Ni kwamba kila rimiksi imeandikiwa jina la aliyeitengeneza, jina la gemu, na jina la mtunzi wa kwanza. Zamani kampuni nyingi za Japani ziliwaandika watunzi wao kwa majina ya utani tu. Leo wageni wasiowajua wanawatafuta na kuwataja kwa majina yao halisi.

Najua swali litakaloulizwa: muziki wenyewe una hukumu gani? Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamekataza ala nyingi, Ibn Hazm akaruhusu, na Imam al-Ghazali akapambanua kwa kirefu katika Ihyaa. Mimi ni mwanafunzi, si mufti. Mwulize mwalimu unayemwamini dini yake. Swali langu ni jingine, nalo halimwachi hata yule asiyesikiliza ala kabisa, kwa sababu linahusu pia kasida, mawaidha na kisomo cha Qur'ani tunachokatakata kwenye simu. Je, sauti ya mtu ni mali ya kila aliyeisikia?

Sisi Warundi tuna haki ya kuuliza. Katika miaka ya 1960 wapiga ngoma wetu walirekodiwa, na santuri ikatolewa Ufaransa na kampuni ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki Mike Steiphenson akaichukua rekodi ile, akaongeza gita na kinanda, akaitoa kwa jina la Burundi Black. Ikanunuliwa Uingereza hadi ikaingia kwenye orodha ya nyimbo zinazovuma. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akatumia ngoma zizo hizo katika wimbo wake The Jungle Line. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikundi vya London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow vikajenga mtindo wao juu ya mdundo ule. Jina la nchi yetu likaenda duniani kote. Majina ya waliopiga hayakwenda.

Niliposoma habari hiyo nilikasirika, na hasira ilinikaa siku mbili. Kisha nikakumbuka la kwangu.

Miaka miwili nyuma, kwenye Maulidi kijijini, nilimrekodi mzee mmoja akisoma kasida. Nikakata mwanzo na mwisho, nikatia mwangwi ili isikike vizuri, nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp bila jina. Ilisambaa. Baada ya miezi ikanirudia ikiwa na jina la mtu mwingine kabisa. Nilipokwenda kumwomba mzee radhi, hakudai hata faranga moja. Alisema, "Mwanangu, ule mwanzo ulioukata ndipo nilipomtaja mwalimu wangu na kumwombea. Yeye yuko kaburini. Wote waliosikiliza wangeitikia amina."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemnyima marehemu dua za mamia ya watu, kwa sababu nilitaka kitu kifupi.

Ndugu msomaji, sisi ndio umma wa isnadi. Hatupokei hadithi bila kujua nani kaipokea kwa nani, na mwalimu hatoi ijaza bila kutaja walimu wake. Katika hadithi tumefunzwa kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Nabii Shu'aib (a.s.) aliwaonya watu wa Madyan wasiwapunguzie watu vitu vyao, na jina la mtu kwenye kazi yake ni kitu chake. Mwaka 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Kuwait liliamua kuwa haki za utunzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Basi vipi kijana wa Marekani asiyejua isnadi ni nini amtaje mtunzi wa gemu, nami niliyesoma Mustalah al-Hadith nishindwe kumtaja mzee wa kijijini kwetu?

Atasema mtu: ngoma ni urithi wa wote, haina mwenyewe. Kweli haina mwenyewe mmoja, na ndiyo maana mwaka 2014 UNESCO iliiandika kama urithi wa Burundi. Lakini mikono iliyopiga siku ile ilikuwa ya watu, na kila mmoja alikuwa na jina.

Tena kutaja jina hakutoshi. Hata hao wa rimiksi mara nyingi hawakuomba ruhusa, wanategemea ukimya wa wenye mali. Kaida ya fiqhi inasema aliyenyamaza hanasibishwi kauli, isipokuwa pale alipotakiwa kusema. Mzee wangu alinyamaza kwa sababu hakujua, na asiyejua hajaridhia. Kwa hiyo tufuate daraja tatu: tutaje, tuombe, na ikiwa kuna faida tugawane.

Mimi nilirudi kwa mzee na simu ileile. Akasoma upya, na mwanzo nikauacha wote. Ni mrefu, na wengi huenda wakauruka. Lakini jina la mwalimu wake limo. Ile ya kwanza bado inazunguka huko nje, nami siwezi kuirudisha.

Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: nimemkata nani hapa? Sikio litaulizwa lilichosikia, na kidole nacho kitashuhudia.

Allah atusamehe tuliyoyachukua bila kujua, na atuwezeshe kuyarudisha kwa wenyewe. Wallahu a'lam.