Matone ya Damu na Siri ya Chumbani



Jambo ninalotaka kusema nanyi leo halitajwi mimbarini, na likitajwa sisi wanaume hukohoa na kutazama pembeni. Ni damu ya mama inayokuja wakati si wake: matone mekundu au ya kahawia katikati ya mwezi, kwa mama anayetumia sindano, vidonge, kijiti cha mkononi au kitanzi.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Kakuma wiki mbili kuwafundisha wakatekumeni. Niliporudi Lodwar nilimkuta mke wangu akifua usiku, na ninyi mnaoishi huku mnajua kwamba maji hayamwagwi ovyo. Nikaona damu. Nikahesabu siku, hesabu ikakataa. Sikuuliza. Niliwaza mwanamume mwingine, nikawaza ugonjwa, nikawaza mimba iliyotolewa. Kwa siku 19 sikusema naye ila kuomba chakula, na jioni nilikuwa nikiongoza rozari ya jumuiya!

Ukweli ulikuwa huu. Mtoto wetu wa nne alikuwa hajafikisha miezi 7, na mwenzangu alikuwa amechoka. Alidungwa sindano ya miezi mitatu, asiniambie, kwa kuwa alijua nitamjibu kwa katekisimu kabla ya kumsikiliza. Alipoona matone hayaishi alidhani Mungu anamwadhibu. Yeye alikuwa na hofu yake upande mmoja wa kitanda, mimi na hasira yangu upande wa pili.

Aliyetufungua macho ni sista mmoja mwuguzi. "Mwalimu, keti kwanza," aliniambia, kwa maana niliingia nikifoka. Akaeleza kwamba dawa ya sindano hufanya utando wa ndani ya mji wa mimba kuwa mwembamba, na mishipa yake midogo huvuja kwa urahisi. Ndiyo sababu miezi ya kwanza damu huja bila mpango, na baada ya mwaka mmoja akina mama wengi hawaoni hedhi kabisa. Kijiti nacho huweza kuleta matone hayo hayo. Kitanzi cha shaba hakina homoni, lakini miezi 3 hadi 6 ya kwanza hedhi huweza kuwa nzito na matone kuonekana kati ya hedhi na hedhi. Kwa vidonge, mara nyingi sababu ni kusahau kumeza. Na kwetu Turkana, ambako kifua kikuu si mgeni, iko sababu nyingine: rifampisini, dawa ya ugonjwa huo, hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti. Mama anayetibiwa kifua amwambie daktari yote anayotumia, hata yale aliyomficha mumewe.

Basi matone peke yake si uthibitisho wa uzinzi, wala si laana. Lakini msilale nayo kama ni damu nyingi kupita hedhi ya kawaida, au inazidi siku 8, au inakuja baada ya tendo la ndoa. Vivyo hivyo mkiona maumivu makali chini ya kitovu, homa, uchafu wenye harufu, kizunguzungu, au dalili za mimba. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huua, na saratani ya mlango wa kizazi huanza kwa damu ndogo kama hiyo. Nendeni hospitali ya misheni pale Kakuma, au ya rufaa Lodwar, siku hiyo hiyo ikiwa maumivu ni makali. Na kitanzi kisivutwe na jirani, hata awe mkunga hodari namna gani.

Najua mtauliza: je, Kanisa? Mafundisho mnayajua. Papa Paulo wa Sita aliyaandika mwaka 1968 katika Humanae Vitae, nami sina mamlaka ya kuyalegeza. Lakini waraka huo huo unaruhusu dawa inayohitajika kutibu ugonjwa wa mwili, hata kama itazuia mimba, mradi kuzuia huko si ndiko kunakotafutwa. Kwa hiyo msimnyoshee kidole kila mama mwenye vidonge, huenda anatibiwa.

Tena someni Marko sura ya 5. Yule mama alikuwa ametokwa damu miaka 12, amemaliza mali yake kwa waganga, na kwa sheria ya Walawi alihesabiwa najisi. Alimjia Bwana kwa nyuma, kwa siri, kama wake zetu wanavyokwenda zahanati kwa siri. Bwana hakuuliza chanzo cha damu ile. Alingoja mpaka mama aseme ukweli wote mbele ya watu, akamwita binti yake. Nilisoma habari hiyo katika mazishi na mafungo kwa miaka mingi kabla ya kuona kwamba nyumbani kwangu nilikuwa nimekaa upande wa wale waliomsonga.

Bwana, ukiona damu, uliza kwa sauti ya chini. Uliza pia amechoka kiasi gani. Mama, usipime mapenzi ya mumeo kwa siri. Na kama unaogopa kipigo, mwone sista au padre kwanza.

Sisi tuliamua kujifunza njia ya Billings. Sista alituonya tusihesabu siku kwa matone ya sindano, kwani si hedhi, na dawa ikiwa bado mwilini alama za ute hazitegemeki. Ilitubidi kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kazi ya wawili: hedhi ya kweli ilirudi mwezi wa 9 baada ya ile sindano. Siku hiyo mke wangu aliniita mwenyewe, mchana, akanionyesha mahali pa kuandika kwenye chati iliyo nyuma ya mlango.