Uzito wa Zawadi

Swali la iwapo kitu kinachotolewa bure ni zawadi kwa kila anayepewa ni la kale katika falsafa ya maadili, lakini programu huria zimelirudisha kwa sura mpya. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyatekeleze, uko wazi kwa mtu yeyote kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. FlightGear, kiigaji cha urubani ambacho watu wa kujitolea wamekuwa wakikijenga tangu miaka ya 1990, ni ya aina hiyo: humwezesha mtu aliyeketi mbele ya kompyuta kurusha ndege juu ya dunia iliyochorwa, bila kulipa ada yoyote ya leseni. Hata hivyo, dunia hiyo ina uzito. Milima, mito, njia za kurukia na miili ya ndege huhifadhiwa katika faili za picha na maumbo ambazo zikijumlishwa hufikia gigabaiti nyingi, na mkazi wa Kayole au Umoja, mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, anayenunua bando la intaneti la siku hulipia kila moja ya gigabaiti hizo. Makala haya yanadai kwamba uzito huo ni suala la haki kabla ya kuwa suala la ufundi, kwa sababu mtoaji ana wajibu wa kuupunguza mzigo na, anapoupunguza, ana wajibu wa pili ulio mgumu zaidi, nao ni wa kutodanganya.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakimaanisha kwamba asiyeubeba huuona mwepesi kama sufi. Methali hiyo inaeleza vizuri hali ya mchoraji wa ndege ambaye intaneti yake hailipiwi kwa kipimo. Picha ya kuvika, yaani ile inayobandikwa juu ya umbo ili bawa lionekane bawa na paa lionekane paa, ikiwa na pikseli 4,096 kila upande na baiti 4 kwa kila pikseli, huchukua megabaiti 64 kabla ya kubanwa. Mchoraji akiupunguza kila upande kwa nusu, uzito haushuki hadi 32 bali hadi 16, kwa kuwa kinachopungua ni eneo zima. Uamuzi mmoja wa namna hiyo, ambao yeye aliye na kompyuta mpya haoni tofauti yake kwenye kioo, humwondolea mwingine robo tatu ya mzigo. Asipouchukua, si lazima iwe kwa nia mbaya. Mara nyingi ni kwa sababu kanda hilo halijawahi kukaa begani mwake.

Uislamu na Ukristo, dini ambazo misikiti na makanisa yake yamekuwapo Pumwani kwa miongo mingi, zinakubaliana kwamba sadaka hupimwa pia kwa namna inavyomfikia mpokeaji, na kwamba mtu hadaiwi kubeba kinachopita uwezo wake. Mwanafalsafa na mwanauchumi Amartya Sen alifikia jambo lililo karibu na hilo kwa njia nyingine aliposhikilia kwamba uhuru wa mtu hupimwa kwa yale anayoweza kweli kuyafanya na kuwa, wala si kwa haki zilizoandikwa peke yake. Kwa kipimo hicho, leseni inayomruhusu kijana wa Makongeni kuichunguza programu, ilhali ukubwa wa faili unamzuia hata kuipakua, imempa ruhusa bila kumpa uwezo.

Namna ya kutimiza wajibu wa kwanza ina mfano Eastlands kwenyewe. Mradi wa makazi wa Dandora, ulioanzishwa mwaka 1975 na Baraza la Jiji la Nairobi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, haukuwagawia watu nyumba kamili; ulitenga viwanja vipatavyo 6,000 vyenye maji, mfereji wa maji taka, choo na bafu, kisha kila familia ikaongeza vyumba kadiri ya mfuko wake. FlightGear imefuata hekima inayofanana na hiyo. Kiini cha programu hutolewa pamoja na ndege chache, ndege nyingine nyingi huwekwa katika hazina ya pembeni ili kila mtu achukue anayoitaka, na mandhari hukatwa vipande ambavyo chombo kiitwacho TerraSync hupakua wakati ndege inavikaribia. Anayeruka Nairobi peke yake halazimiki kubeba Siberia.

Ugawaji huo unafanana pia na biashara ya kadogo, ambayo kila mkazi wa Eastlands anaijua: mwenye kibanda hupima mafuta ya kupikia kwa kikombe kidogo na kuyamimina katika chupa aliyokuja nayo mteja, kila mtu kwa kiasi cha sarafu alizonazo. Lakini kadogo ina dhuluma yake iliyojificha, kwani anayenunua kidogo kila siku hulipa zaidi kwa kila kipimo kuliko anayenunua mtungi mzima. Kwa hiyo kupakua kwa vipande ni rehema pale tu ambapo kipande kilicholipiwa hubaki kwenye diski, kisije kulipiwa tena kesho. Na ni rehema kubwa zaidi pale nakala moja, ikiwa katika maktaba ya umma kama ile ya Kaloleni au ya Makadara, inapowafaa wengi kwa flashi, jambo ambalo leseni huria inaliruhusu waziwazi.

Wajibu wa pili, ule wa kutodanganya, unaanzia hapo hapo kwenye vipande. Kipande cha ardhi kisipokuwamo kwenye diski, FlightGear haiachi pengo wala haikiri kwamba haijui. Kwa kawaida huchora bahari. Rubani anayeukaribia Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, anaweza kukuta maji ya buluu yasiyo na ufuo mahali penye mabati yenye kutu ya Kayole na maghorofa ya Umoja yaliyobanana, nguo zikiwa zimeanikwa kwenye roshani. Inafaa kutofautisha kufupisha na kughushi. Paa lililofifishwa kwa kupunguziwa pikseli bado ni paa, na anayelitazama anajua kuna mtu anaishi chini yake. Bahari iliyochorwa mahali pa paa ni ushahidi wa uongo, hata kama haukukusudiwa.

Hata kipande kinapopatikana, swali la nani anafifishwa kwanza linabaki. Njia za kurukia huchorwa kwa vipimo vyake halisi, ilhali makazi yanayozizunguka mara nyingi hufunikwa kwa picha moja ya mji inayorudiwarudiwa. Inaweza kujibiwa kwamba rubani anahitaji njia ya kurukia kuliko nyumba za watu, na jibu hilo ni la haki maadamu kinachopunguzwa kinapimwa kwa kazi yake. Lakini mitaa ya kawaida ya Nairobi imewahi kukosekana hata katika ramani ambazo kazi yake ni kuonyesha mahali watu wanapoishi: hadi vijana walipoanza kuichora Kibera katika OpenStreetMap mwaka 2009, kisha kazi hiyo ikafika Mathare, ramani hiyo huria haikuwa na vichochoro vyao. Sababu ya pengo hilo haikuwa uzito wa faili, kwa kuwa nyumba katika ramani hiyo ni nukta chache za pembe zake, pengine pamoja na idadi ya ghorofa, na maelezo ya mtaa mzima huweza kuwa mepesi kuliko picha moja ya bawa la ndege.

Hapo ndipo wajibu wa kwanza unapokutana na wa pili. Ilidhaniwa kwamba ukweli ni mzito na kwamba wepesi hununuliwa kwa kuacha watu nje, kumbe kilicho kizito zaidi mara nyingi ni mng'ao wa picha, na ukweli wa kwamba watu wapo hubebeka kwa baiti chache. Nukta hizo huweza kugeuzwa kuwa majengo ndani ya FlightGear, kwa hiyo mkazi anayeandika pembe nne za ploti yake na idadi ya ghorofa zake naye amekuwa mtoaji, na zawadi yake inaweza kupakuliwa na mtu yeyote kwa bando dogo kabisa.