Tunzo ya Aliyebaki Amesimama

Msimu uliopita wa kupanda nilipatwa na homa, nikalala kitandani muda wa majuma matatu. Majirani zangu walipoziona mvua za kwanza walipanda mahindi yao mapema, kama iwapasavyo wakulima wenye bidii. Mimi sikupanda. Baadaye mvua zile zilikatika, jua likawaka, na miche yao ikanyauka yote. Nilipopata nafuu nikapanda, na mvua za kweli zikaanza juma lile lile. Wakati wa mavuno nilikuwa na magunia ghalani, na bei ilikuwa juu kwa sababu wengi hawakuwa na kitu. Watu wakaniambia, "Mwalimu, wewe una hekima ya kuyajua majira." Nami nikanyamaza, nikatabasamu. Tangu siku ile moyo wangu haukutulia, nikawa najiuliza: mtu akipata kitu chema kwa sababu wenziwe wameanguka, je, kitu kile ni haki yake?

Katika kulitafakari swali hili nimesaidiwa na kisa kimoja kilicho mbali sana na mashamba yetu. Kilitokea juu ya barafu, katika mji wa Salt Lake City, Marekani, kwenye Michezo ya Olimpiki ya wakati wa baridi, tarehe 16 Februari mwaka 2002. Nitakisimulia kwanza, kisha tukipime pamoja.

Katika nchi za baridi maji huganda yakawa magumu kama jiwe, na watu huvaa viatu vilivyofungwa chuma chembamba chenye makali chini ya nyayo, wakateleza juu yake kwa mwendo wa ajabu. Yako mashindano ya namna nyingi ya kuteleza, na moja huitwa mbio za njia fupi. Hufanyika ndani ya jumba, juu ya kiwanja cha barafu chenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Njia yenyewe huzunguka kama yai, na mzunguko mmoja ni mita 111 na kidogo. Mbio hizi zilianza kupewa nishani za Olimpiki mwaka 1992, huko Albertville, Ufaransa.

Jambo la kufahamu ni hili: katika mbio hizi kila mtu hana njia yake mwenyewe. Watu wanne, watano au zaidi huondoka pamoja na kugombea njia moja iliyo nyembamba. Wanapofika kwenye kona huinama sana upande hata wakaigusa barafu kwa vidole vya mkono. Hawashindani na saa, hushindana wao kwa wao. Mmoja akiteleza vibaya huenda akawavuta wenziwe wote. Mtu aliyepata kupita njia ya udongo wakati wa masika, akiwa katikati ya wenzake wenye haraka, aweza kufahamu kidogo hatari yake.

Basi alikuwako mtu wa Australia, jina lake Steven Bradbury, aliyezaliwa mwaka 1973. Mwaka 1994, huko Lillehammer katika nchi ya Norwei, yeye na wenziwe watatu walipata nishani ya shaba katika mbio za kupokezana, nayo ilikuwa nishani ya kwanza ya Australia katika michezo ile ya baridi. Lakini katika mbio zake za peke yake Bradbury aliangushwa na wengine, akarudi mikono mitupu. Mwaka ule ule, katika mashindano ya Montreal, Kanada, chuma cha kiatu cha mwenziwe kilimpasua paja, damu nyingi ikamtoka hata akawa karibu kufa, akashonwa nyuzi 111. Mwaka 2000 alianguka tena katika mazoezi, akavunjika shingo. Waganga wakamwambia kwamba hatateleza tena. Walakini alirudi barafuni.

Alipofika Salt Lake City alikuwa na umri wa miaka 28, na hapana aliyemtazamia kushinda mbio za mita 1000. Katika robo fainali alivuka mstari akiwa wa tatu, na wawili tu ndio waliotakiwa kuendelea. Lakini mmoja wa waliomtangulia, Marc Gagnon wa Kanada, alifutwa kwa kosa la kumzuia mwenziwe, na Bradbury akapita. Ndipo yeye na mwalimu wake walipokata shauri: kwa kuwa hana mbio za kuwapita vijana wale, atakaa nyuma, aepukane na msukosuko, na wakianguka, atapita. Katika nusu fainali watatu walianguka, naye akavuka wa pili. Kisha wa kwanza, Satoru Terao wa Japani, akafutwa kwa kosa. Bradbury akaingia fainali.

Katika fainali walikuwa watu watano. Mbele walikwenda Apolo Anton Ohno wa Marekani, Li Jiajun wa China, Ahn Hyun-soo wa Korea Kusini na Mathieu Turcotte wa Kanada. Bradbury alikuwa nyuma yao, yapata mita 15. Walipofika kona ya mwisho kabisa, wakisukumana kwa kuutafuta ushindi, wote wanne walianguka pamoja. Bradbury akapita kando yao akiwa amesimama, akavuka mstari, akainua mikono kama mtu asiyeamini aliyoyaona. Ohno alijivuta hata mstari, akawa wa pili. Turcotte akawa wa tatu. Hivyo ndivyo nishani ya kwanza ya dhahabu ya michezo ya baridi ilivyokwenda Australia, wala kabla ya siku ile hapana nchi yo yote ya upande wa kusini wa dunia iliyokuwa imeipata.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hii, darasa liligawanyika. Mmoja alisema, "Huyu ameokota tu, hakushinda." Wa pili akasema, "Alivunjika shingo akarudi. Mungu amemlipa taabu yake." Wa tatu, msichana mpole ambaye hasemi sana, aliuliza, "Lakini, Mwalimu, alipokuwa nyuma, je, alikuwa akiwaombea waanguke?" Maneno haya matatu yastahili kujibiwa, kila moja peke yake.

Tulitazame la kwanza. Yule aliyesema kwamba Bradbury ameokota amedhani kuwa tunzo iliwekwa kwa ajili ya aliye mwepesi kuliko wote. Sivyo. Iliwekwa kwa ajili ya atakayevuka mstari wa kwanza bila kuvunja kanuni, na kusimama mpaka mwisho ni sehemu ya mbio. Mwanamke arudiye kutoka mtoni na mtungi kichwani hahesabiwi kwa mwendo wake, huhesabiwa kwa maji yaliyofika nyumbani. Wale wanne walikuwa wepesi, hapana shaka. Lakini waliuchukua mwendo mkubwa kuliko nafasi waliyokuwa nayo, nao walijua hatari yake. Basi kwa kanuni nishani ile ilikuwa haki yake kamili, wala hakumnyang'anya mtu. Tena tukiangalia sana, yule ashindaye kwa kuwapita wengine ndiye anayeitwaa nafasi yao kwa nguvu zake mwenyewe. Bradbury hakumgusa hata mmoja.

Zaidi ya hayo, siku nne baadaye, tarehe 20 Februari, katika mbio za mita 1500, Kim Dong-sung wa Korea Kusini alivuka wa kwanza, lakini mwamuzi akamfuta kwa kosa la kumzuia mwenziwe, na dhahabu akapewa aliyemfuata. Huyo alikuwa nani? Alikuwa Ohno, yule yule aliyeipoteza dhahabu yake kwenye kona ya mwisho. Wakorea walikasirika wakapinga, lakini hukumu haikubadilishwa. Basi anayemcheka Bradbury na awe tayari kuwacheka wengi, maana katika mbio zile, na katika maisha pia, ni wachache mno wasiopata kupokea kitu kilichoponyoka mkononi mwa mwingine.

Sasa swali la yule msichana, ambalo naliona kuwa zito kuliko yote. Hapa yatupasa kutenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kusababisha anguko la mwenzio, kulitamani, na kulitazamia. Kulisababisha kwa hila ni kosa, na kanuni za mbio hulihukumu. Kulitamani ni uovu wa moyo, ambao mwamuzi hawezi kuuona. Lakini kulitazamia ni jambo jingine. Mkulima apandaye mihogo kando ya mahindi hatamani ukame. Anajua tu kwamba ukame huja. Bradbury alikuwa amekaa katika mchezo ule zaidi ya miaka kumi, naye mwenyewe alikuwa ameangushwa mara nyingi. Alijua kwamba watu wenye haraka wakibanana katika kona, huanguka. Kujua hivyo na kujiweka mahali pa salama si uovu, ni busara ya mtu anayejua kipimo cha nguvu zake. Kama alitamani moyoni, hilo ni lake yeye na Mola wake. Sisi hatuwezi kumhukumu kwa tusiloliona.

Limebaki neno la yule aliyesema kwamba amelipwa taabu yake. Neno hili linapendeza sana, na kwa sababu hiyo ni la kuogopwa. Tukisema kwamba alishinda kwa kuwa aliteseka, tutawaambia nini walioteseka wasipate kitu? Wako watu wangapi waliovunjika mifupa katika mchezo ule, ambao majina yao hatuyajui? Na wale wanne walioanguka, je, wao hawakuwa na taabu? Ahn Hyun-soo, aliyekuwa kijana tu siku ile, alipata nishani tatu za dhahabu miaka minne baadaye huko Turin, Italia. Lakini wengine huanguka mara moja na nafasi hairudi tena. Taabu si fedha ya kununulia tunzo. Naona kazi ya taabu ni kumfikisha mtu mlangoni tu. Siku mlango unapofunguka bila kutazamiwa, huingia aliyekuwapo. Aliyekata tamaa na kukaa nyumbani hawezi kuingia. Lakini hata wengi waliosimama mlangoni miaka mingi hawakufunguliwa. Basi Bradbury hakulipwa deni. Alipewa, naye alikuwa mahali pa kupokea.

Ikiwa ndivyo, lililo muhimu ni namna ya kupokea, na hapa ndipo ninapomheshimu mtu yule. Hakujitapa kwamba aliwashinda wenziwe kwa mbio. Alikiri waziwazi kwamba hakuwa mwepesi kuliko wote. Alisema kwamba haichukui nishani ile kwa ajili ya dakika moja na nusu ya mbio zenyewe, anaichukua kwa ajili ya miaka kumi ya kazi ngumu. Hakuikataa kwa unyenyekevu wa uongo, wala hakuipamba kwa sifa isiyo yake. Huko Australia jina lake limekuwa msemo: mtu akifanikiwa kwa kuanguka kwa wengine husema kwamba amefanya kama Bradbury. Watu wengine hulisema kwa mzaha, naye hakujificha.

Hapo ndipo kisa hiki kiliponirudisha shambani kwangu. Mahindi yangu yalikuwa haki yangu. Sikumwibia mtu, wala sikumzuilia mtu mvua. Kosa langu halikuwa katika kuvuna. Lilikuwa katika lile tabasamu. Watu waliponiita mwenye hekima niliwaacha waamini hivyo, hali nilijua kwamba kilichoniweka nyuma ya wenzangu ni homa. Bradbury alikaa nyuma kwa kusudi, akasema kweli juu yake. Mimi nilikaa nyuma pasipo kupenda, nikaficha. Na ubaya wa uongo kama huu hauishii kwa anayeusema. Nikiitwa mwenye hekima, jirani yangu aliyepanda mapema kwa bidii anakuwa mpumbavu, naye sivyo alivyo. Kuiiba sifa ni kumwangusha mara ya pili mtu aliyekwisha kuanguka.

Tena liko jambo moja ambalo barafu haikuweza kunifundisha. Kule dhahabu ni moja, na kanuni haimruhusu aliyesimama kurudi nyuma amwinue mwenziwe, wavuke pamoja. Kijijini kwetu hakuna kanuni ya namna hiyo. Mavuno yaweza kugawanywa, na mbegu yaweza kuazimwa. Kwa hiyo haki yangu ya kuvuna haikuwa mwisho wa habari. Ilikuwa mwanzo wa wajibu.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tumekaa barazani, nilimwambia jirani yangu mkubwa mbele ya watu, "Mzee, mimi sikuyajua majira. Nililala na homa. Kama ningalikuwa mzima ningalipanda siku ile ile uliyopanda wewe." Akanitazama, akacheka, akasema, "Nilijua, mwanangu. Nilikuja kukutazama ukiwa kitandani. Nilikuwa nangoja useme." Kisha tukazungumza habari za mbegu, maana mvua zi karibu, na safari hii hapana ajuaye kati yetu ni nani atakayebaki amesimama.