Je, Vijidudu Vyaweza Kusema Uongo?

Wataalamu wa viumbe wana neno moja wanalolipenda sana siku hizi, nalo ni "mazungumzo". Husema ya kwamba vijidudu, vile visivyoonekana ila kwa darubini kali, huzungumza, husikilizana, hukata shauri pamoja, na hata kusalitiana. Maneno hayo yamekwisha kutoka maabara na kuingia madarasani, na watoto wetu huyarudia nyumbani. Yafaa basi wazazi wajue ni jambo gani hasa lililogunduliwa, kisha wapime wenyewe kama neno hilo limewekwa mahali pake.

Mwaka 1970, Nealson, Platt na Hastings wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza habari za kijidudu cha baharini chenye kutoa nuru. Vikitiwa vichache katika mchuzi wa kuvikuza, huzaana gizani bila kuwaka. Vikiisha kuwa vingi, huwaka vyote kwa pamoja. Sababu yake ni hii: kila kimoja hutoa nje ya mwili wake kemikali kidogo. Vikiwa vichache, kemikali hiyo hupotelea majini. Vikiwa vingi hukusanyika, na ikifikia kiasi fulani huamsha jeni zinazowasha taa. Aliyepata kuhudhuria mkutano wa chama cha ushirika hataona ugumu hapa, maana ni jambo la akidi: wajumbe wasipotimia, hapana azimio. Ila mkutano huu hauna mwenyekiti wala katibu wa kuhesabu watu.

Kijidudu hicho huishi ndani ya ngisi mmoja mdogo wa Hawaii, ambaye hazidi sana kidole gumba. Usiku ngisi huitumia nuru ya wapangaji wake kufuta kivuli chake mbele ya mwezi, ili adui walio chini wasimwone. Alfajiri huvitema karibu vyote, kama 95 kwa mia, na vile vilivyosalia huanza kuzaana upya. Tangu mwaka 1994 Bonnie Bassler amekuwa akiyachunguza mambo haya pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 2002 umbo la ishara mojawapo lilijulikana, nayo ni kemikali yenye boroni ndani yake, na jamaa nyingi za vijidudu huitengeneza, hata zisizo za ukoo mmoja. Mtu angeweza kusema ndiyo Kiswahili chao cha sokoni.

Hadi hapa habari yapendeza. Lakini kijidudu cha kipindupindu nacho kina akidi yake. Kikiwa kichache tumboni, hushika utumbo na kutoa sumu. Vikiisha kujaa, ishara huviambia viache sumu, vijing'oe, vitoke pamoja na maji ya kuhara, vikatafute mtu mwingine. Mapatano yametimia, hakuna anayebishana, na mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi huweza kufa jioni kwa kukaukiwa maji. Wasemaji wa majukwaani, wapendao kutufundisha umoja kwa mfano wa nyuki na mchwa, wautazame na mfano huu pia. Kupatana peke yake si wema. Lazima kwanza kuuliza watu wamepatana kufanya nini.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Je, huko ni kusema? Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alitenga ishara za namna mbili. Moshi hutujulisha moto, wala moshi haukukusudia kutujulisha neno. Namna ya pili ni ishara anayoitoa mtu makusudi, ili yaliyo moyoni mwake yafike moyoni mwa mwenzake. Alipofika kwa jogoo anayemwita tetea penye chakula, hakukata shauri. Alisema hilo ni swali jingine, akapita. Swali hilo halijaisha. Mwaka 2002 Rosemary Redfield wa Kanada aliuliza kama kijidudu huhesabu wenzake kweli, au hupima tu kama vitu kinavyotoa vitapotelea mbali au vitabaki karibu. Ikiwa ni hivyo, twakaribia moshi, wala si neno. Wataalamu wenyewe hawajaafikiana, na sioni kwa nini sisi tuwatangulie.

Tazama pia habari ya usaliti. Mwaka 2007 wataalamu wa Uingereza walionyesha ya kuwa katika kijidudu kiitwacho Pseudomonas aeruginosa, ambacho hudhuru vidonda vya moto na mapafu, hutokea viziwi. Wenzao wakisikia ishara, hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha chakula cha wote. Viziwi hawatoi kitu, hula tu, nao huongezeka upesi. Wataalamu huviita walaghai. Twamjua mtu wa namna hiyo katika kila kijiji. Lakini yule wa kijijini aliweza kufanya vingine, naye ajua hivyo. Ndiyo maana hujificha siku ya kazi ya pamoja. Kijidudu kiziwi kimepotewa na jeni tu. Kukiita mlaghai ni kukipa heshima isiyo yake, na kumwita mvivu wa kijijini kijidudu ni kumwondolea lawama iliyo haki yake.

Hata uongo wahitaji mtu. Mwaka 2010 Duan na March wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa watoto wa panya vijidudu visivyo na madhara, vilivyotengenezwa vitoe ishara ya kipindupindu ya kusema "tumekwisha kuwa wengi". Vile vya kipindupindu vilipoingia, vilizuia sumu yao kabla ya wakati, na panya wengi zaidi wakapona. Je, wataalamu wale walidanganya? Augustino, aliyeukataza uongo wa kila namna, hangekuwa na la kuwashitaki: sanamu ya kutishia ndege shambani si ushuhuda wa uongo. Lakini kipindupindu kikizuka mtaani, na ikajulikana kuwa mtu fulani alikiona choo kikivujia kisimani akawaambia jirani kuwa maji ni safi, hapo neno limesemwa kweli, na mwenye kulisema yupo.

Kazi ile ya panya haijawa dawa ya kawaida hospitalini. Mgonjwa wa kipindupindu angali akiokolewa kwanza kwa maji yenye chumvi na sukari, anyweshwe mapema, na aliyezidiwa atiwe maji mshipani.