Nani anapashwa kulisha mzee: mtoto ao Leta?

Kila mara mtu anapozungumza hapa Likasi juu ya franka ya Leta kwa ajili ya wazee, hakukosi mwenzake wa kumjibu: "Ile ni mambo ya wazungu. Kwetu mzee analishwa na watoto wake." Jibu hilo linapendeza kusikia, linatupa heshima. Na kwa sababu kitabu hiki kinahusu desturi zetu, nimeona vema kulipima. Ni kweli kama desturi inasema hivyo? Na kama inasema hivyo, inamfutia Leta deni lake?

Tuanze ku kijiji. Wengi tunasema "desturi" kama vile ni moja tu. Kwa Balamba na Babemba ukoo unapita kwa mama: mjomba ndiye mkubwa, na watoto wa dada yake ndio wenye kumrithi. Kwa Baluba wa upande wa kaskazini ukoo unapita kwa baba. Basi yule "mtoto" mwenye deni la kulisha mzee hakuwa mtu mmoja pahali pote. Tena kuna jambo tunalosahau: mzee wa kijiji hakuwa mwombaji. Alikuwa na udongo. Kwa makabila mengi ya huku kusini, kijana aliyetaka kuoa alipashwa kwanza kutumika ku shamba la wakwe zake, pengine miaka mizima. Mzee alikula jasho la vijana kwa sababu alikuwa na kitu mkononi: shamba, binti, neno la baraka, ufahamu wa dawa na wa mipaka ya mashamba. Upendo ulikuwepo, sikatai. Lakini chini ya ule upendo kulikuwa udongo.

Na juu ya jamaa kulikuwa shefu. Watu walimpelekea mulambu, ndiyo kusema sehemu ya mavuno, ya nyama ya pori, ya samaki. Shefu aliyekula mulambu peke yake alisemwa vibaya. Alipashwa kupokea wageni na kulisha watu, na wakati wa njaa macho yote yalitazama ghala yake. Sisemi kama mashefu wote walikuwa wema, historia ya nchi yetu inajua wengine waliouza hata watu wao. Nasema tu kama wazo la kumpa mkubwa kitu ili kirudie wazaifu halikuletwa na mzungu. Mulambu na kodi ni ndugu.

Sasa tuje mu mji wetu. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Kwanza ilichukua wanaume kwa muda mfupi na kuwarudisha kwao, lakini tangu miaka ya 1920 iliona faida zaidi kuwakalisha mu kambi pamoja na bibi na watoto. Ikatoa nyumba, posho ya unga, masomo, hospitali, uzazi. Mji huu, uliokuwa unaitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulikuwa hivyo. Mtu wa Panda ao wa Shituru hakununua unga, unga ulimfuata. Wazee wetu walisema kama kompani njo baba, njo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, aliandika kitabu kizima mwaka 2001 juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na msomaji wa hapa haulizi sana yule baba ni nani.

Tuangalie vizuri maana ya jambo hilo. Kompani haikumpa mfanyakazi posho kwa huruma. Ilimwondoa ku udongo wa ukoo wake, mahali ambapo uzee wake ulikuwa na msingi, ikamwambia: lete nguvu zako hapa, mimi nitakuwa baba. Mtoto wake akazaliwa mu kambi, hajui shamba la nkambo liko wapi, hajui mjomba. Ile desturi tunayoiita leo ili ilishe mzee ilikatwa mizizi kwa makusudi, na shaba iliyotoka ndani ya mapatano hayo ililisha kompani, kisha mwaka 1967 ikalisha Leta mwenyewe, wakati kompani ilipokuwa mali yake na baadaye kuitwa Gécamines. Kwa hiyo Leta alirithi migodi, lakini alirithi pia ahadi ya baba.

Kilichofuata tunakijua sote. Miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400.000 kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika hata 50.000. Mishahara ikakawia, posho ikakatika. Mwaka 1992 na 1993 jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, zikalala siku nyingi ku stesheni yetu zikingojea treni, na kati yao kulikuwa wazee waliotumika maisha yao yote hapa. Mwaka 2003, kwa msaada wa franka ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi kwa kile kilichoitwa "kuondoka kwa mapenzi". Neno hilo "mapenzi" linaniudhi mpaka leo. Mtu asiyelipwa miezi na miezi, ukimwonyesha bahasha moja, utasema amechagua? Wengine walinunua gari la taksi, wengine walifungua duka, wengine walilipa madeni na masomo, na nyuma ya muda mfupi bahasha ilikwisha. Kuna walioonja siku hizo furaha ya kuitwa tena baba mu nyumba, kisha wakanyamaza.

Na hata yule aliyekuwa na pensheni ya kweli, iliyokatwa ku mshahara wake kila mwezi, alipata nini? Nilipenda kuwapa wanafunzi wangu hesabu hii. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka moja ya Kongo. Basi inapashwa zaire ngapi za zamani kwa franka moja? Wanazidisha, wanafuta, wanazidisha tena: miliari 300. Kisha wananyamaza, kwa sababu kila mmoja ana nkambo. Mzee hakuiba, hakulewa akiba yake. Aliiweka mahali sheria ilimwambia aiweke.

Hapa wengine wanasema: haya, basi watoto walipe. Niliwahi kuweka swali hilo mbele ya wanafunzi wa mwaka wa sita: mtoto anapashwa kumlisha baba ambaye hakumlisha? Nilifikiri watajibu haraka kwa methali na amri ya Mungu ya kuheshimu baba na mama. Hapana. Msichana mmoja alisema kama mu nyumba yao, tangu kompani ilipoacha kulipa, mama ndiye alilisha wote kwa kuuza makala na mihogo. Baba aliketi chini ya muti akingojea habari za mshahara. "Sasa mama amezeeka naye," akasema. "Huyo baba ana karatasi za kazi, anaweza siku moja kupata kitu. Mama hana hata karatasi moja." Kijana mwingine akajibu kwa ukali kama baba hakukataa kulisha, alinyang'anywa chakula mkononi. Wote wawili walisema kweli, na mimi sikuwapatanisha. Lakini neno la yule msichana lilibaki kichwani mwangu kuliko mahubiri mengi.

Kwa maana sheria zetu zinatazama hasa yule mwenye karatasi. Tangu mwaka 1961 tulikuwa na INSS, ambayo nyuma ya sheria ya mwaka 2016 imekuwa CNSS. Mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya mshahara kwa ajili ya uzee, na mwenye kazi anaongeza 5 kwa mia. Sawa. Lakini mama wa soko la Kikula hakuwahi kuwa na mwenye kazi. Mkulima wa kando ya Kambove vilevile. Mchimbaji wa mkono, ambaye mgongo wake unazeeka mbele ya miaka 40, vilevile. Ile pensheni ni mshahara uliowekwa kando. Asiyekuwa na mshahara hana kitu cha kuweka. Hata hivyo Katiba ya mwaka 2006, ku kipengele cha 49, haisemi "mfanyakazi". Inasema kama mtu wa umri mkubwa ana haki ya kulindwa kadiri ya mahitaji yake. Mtu, basi. Mama wa makala naye ni mtu.

Kuna wanaoogopa kama Leta akimpa mzee franka, watoto watanawa mikono. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 inawataka watoto kusaidia wazazi walio katika uhitaji, na sipendi kuona siku ambapo mtu atamwambia mama yake: "Enda ku ofisi wakupe." Lakini tutazame majirani. Zanzibar ilianza mwezi wa nne 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20.000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya nayo ikaanza kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2.000 kwa mwezi. Uganda, iliyoanza mu wilaya chache, imefika kuwapa shilingi 25.000 wenye miaka 80 na zaidi katika nchi nzima. Hao si wazungu. Ni watu wa bukari na maharagwe kama sisi, wenye wajukuu na wenye wakwe. Ni franka kidogo sana, haitoshi kumwondolea mtoto mzigo. Inatosha kwa chumvi, sabuni, dawa ya presha, na daftari la mjukuu. Mzee anayenunua daftari la mjukuu amerudishiwa sehemu ya ule udongo niliosema pale juu: ana kitu mkononi.

Na ku kwetu jambo hilo ni la uhai na kifo. Ni nani anayeitwa mulozi mu avenue zetu? Ni mara chache yule mzee mwenye nyumba ya kupangisha. Ni bibi mjane aliyebaki peke yake, macho mekundu kwa moshi, anayekula ku sahani ya wengine. Mtoto akiugua, kazi ikikosekana, jamaa inatafuta mwenye kosa, na mkono unaelekea kwa yule asiyeleta kitu. Tunasema ni imani. Mimi naona pia hesabu ya sahani ndani yake. Na hapo ile desturi nzuri ya "mzee analishwa na watoto wake" inageuka kuwa hukumu, kwa sababu tumeacha mzigo mzima juu ya nyumba ambayo yenyewe haina kitu.

"Leta atatoa wapi?" Hilo swali nalijua, mwalimu ni mtu wa mwisho kuota juu ya kasha la Leta. Lakini Kanuni ya migodi, kama ilivyobadilishwa mwaka 2018, inagawanya ushuru wa madini hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji, komini, sekta na sheferi ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo! Ni wazo zuri, kwa maana shaba haizai. Lakini nimesoma mistari hiyo mara nyingi, na sikuona hata kimoja kwa mia kwa kizazi kilichopita, kile kilichoichimba. Mtoto asiyezaliwa ana mfuko, nkambo yake anakohoa vumbi la mgodi ku baraza bila kitu. Kama sehemu ya zile 15 zingepewa wazee wa komini zetu, tungekuwa tunarudisha mulambu ku njia yake ya zamani.

Watasema franka italiwa njiani. Pengine. Na masomo ya bure ya msingi, yaliyoanza mwaka 2019, yalisemwa hivyo hivyo. Yamekuja na matata mengi, madarasa yamejaa kupita kiasi, walimu wanalalamika, lakini watoto waliokuwa barabarani wameingia ndani. Kula njiani ni sababu ya kulinda njia. Haifuti deni.

Kuna kizuizi kingine ambacho watu wa mipango wanakisahau, na ni kidogo, cha karatasi. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Wazee wengi hawana siku ya kuzaliwa; wanasema "nilizaliwa mwaka wa vita ya wazungu" ao "mbele ya daraja kujengwa". Hakuna malipo ya miaka 70 pahali ambapo miaka 70 haijulikani. Na kazi hiyo haingojei Kinshasa: mkubwa wa avenue anajua nyumba zake, parokia zina vitabu vya ubatizo, kompani ina matrikule za zamani, na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wanajua kuandika.